Kijiji Kilichozidi Watu

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kukieleza kijiji kwa watu wasiokijua, nami nimekaa Randburg, pembeni mwa Johannesburg, ghorofa ya nne, juu ya duka la makochi. Kadi yangu ya kazi iliniita Mratibu wa Kanda wa Ushirikiano katika Sera na Ufadhili wa Maendeleo ya Vijijini. Cheo kilikula kadi yote, jina langu likasukumwa pembeni karibu na namba ya simu. Nilipomsomea mama yangu, aliyeko Tanga, aliniuliza, "Sasa mwanangu, hapo unafanya nini hasa?" Nikamwambia naandika barua. Akasema alhamdulillahi, barua ni kazi ya kukaa kivulini.

Hakukosea sana. Ulaya wana sera yao ya vijiji. Huko wakulima wamezeeka, vijana wamekimbilia mijini, shule zinafungwa kwa kukosa watoto, basi wakaunda mfuko wa kuviokoa vijiji vyao, wakautungia na kanuni, na nasikia umewafaa. Kisha mtu mmoja huko, sijui nani alimtuma, akaona mpango mzuri kama huu usibaki kwao tu, uletwe hadi kusini mwa Afrika pamoja na kanuni zake zote bila kupunguza hata moja. Ofisi yetu ndiyo iliyopewa kazi ya kuupokea. Tulikuwa tunatafuta vikundi vya vijijini katika nchi za kanda, tunawafundisha sera, tunawajazia fomu, tunawapeleka wageni wakawaone.

Fomu yenyewe ilikuwa balaa. Iliuliza eneo la mradi hufunikwa na theluji siku ngapi kwa mwaka. Mwenzangu wa meza ya pili, Mkenya, mchumi na mzee wa kanisa, aliandika kwamba swali halituhusu. Fomu ikarudi, kwa sababu mahali pale hapapokei maneno, hupokea namba. Akaandika sifuri. Ikarudi tena, sifuri lazima iambatane na maelezo. "Madam," akaniambia, "hawa watu wanataka tuwaombe msamaha kwa jua."

Halafu kulikuwa na swali la ndege wanaohama. Mradi utawalindaje? Tukatafuta ni ndege gani, tukakuta ni korongo, ambao Ulaya ikiingia baridi hufunga safari wakaja kula panzi wa watu wa huku. Hao hawapangi foleni kwenye ofisi ya vibali. Kibali changu mimi kikiisha muda hukaa huko miezi na miezi, nami naishi kwa stakabadhi iliyokunjwa hadi imechanika, na hakuna fomu iliyowahi kuuliza mradi unanilindaje. Niliandika kwamba ndege tutawakaribisha. Jibu hilo walilipenda.

Mkurugenzi wetu alikuwa Mzungu mrefu, mpole, mtu wa kuleta biskuti ofisini kila Ijumaa. Neno lake kubwa lilikuwa "kutoka chini". Kila kitu kitoke chini, wenyeji wenyewe ndio waamue. Alitutangazia hilo akiwa amesimama na sisi tumekaa, na siku hiyohiyo akatupa orodha ya mambo ambayo wenyeji wangeamua.

Katika vikundi vyote nilivyovisimamia, kimoja kilinishika moyo. Kilikuwa upande wa Mpumalanga, saa nne kwa gari kutoka Johannesburg, kikundi cha wanawake wenye bustani ya mboga. Mwenyekiti wao alikuwa mama wa miaka sabini na kitu. Wote walimwita Gogo, yaani bibi, nami nikamwita hivyo. Mfupi, mkavu, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwa kali, na sauti ya mtu ambaye hajawahi kurudia jambo mara mbili.

Pampu yao ilikuwa imekufa. Walikuwa wanateka maji mtoni kwa ndoo, wanayapandisha kwa toroli hadi kwenye matuta ya spinachi, asubuhi na jioni, wanawake ambao nusu yao wana magoti mabovu. Wakati wa mvua waliweza. Lakini huku baridi ndio kiangazi, miezi mitatu minne hakudondoki kitu, na Gogo alinieleza bila kupamba. "Tukiingia baridi bila pampu, mntanami, bustani imekwisha. Na bustani ikiisha hakuna kingine." Mntanami ni mwanangu. Nilimwahidi pampu. Sikupaswa kuahidi, mafunzo yote yanakataza, lakini niliahidi.

Mwezi wa nne wakaja wageni wawili kutoka Ulaya, mwanamke na mwanamume, wakaguzi, wamevaa viatu vya kupanda milima kwenda mahali pa tambarare. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na nalisimulia mwenyewe kwa sababu kaka wa Kenya akilisimulia huongeza chumvi.

Kwetu mgeni akija akakuta watu watatu kwenye mkeka, umemtukana, na umejitukana na wewe. Watu wajae, wasimame hadi uani, mgeni ajue amefika kwa watu. Basi nikampigia Gogo simu na Kizulu changu cha kuokoteza. Nikamwambia waje watu.

"Wangapi?"

"Wote, Gogo."

"Hata wa ng'ambo ya mto?"

"Wote. Wageni wakute mkutano, si kikao cha chai."

Gogo si mtu wa kuambiwa mara mbili. Walikuja wa ng'ambo ya mto. Walikuja wa vijiji viwili vya jirani. Kilikuja chama cha maziko cha kijiji cha tatu, wote wamevaa sare, wakaimba. Watoto walijipanga juu ya ukuta. Mimi nikazunguka nikiwa nimejaa furaha, wallahi, kama mimi ndiye mwenye harusi.

Tulikuwa tumeleta masanduku ya chakula, kuku na mkate na juisi, na utaratibu wa ofisi ulikuwa jina moja sanduku moja. Daftari la mahudhurio likapita. Nani atasaini mara moja na ana mgonjwa kitandani? Watu walimsainia mgonjwa. Walimsainia mjukuu aliyeko shule. Waliwasainia watoto wao walioko Johannesburg, kwa sababu chakula kikigawiwa nyumbani, wa nyumbani hawasahauliwi hata wakiwa mbali. Mzee mmoja alimsainia kaka yake aliyefariki zamani, akanieleza kwa upole kwamba marehemu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiomba serikali maji, si vizuri akose. Nikaona ana haki. Kwenye safu ya makazi wote waliandika jina la kijiji kile kile, hata chama cha maziko, kwa sababu wa kwanza aliandika hivyo na walioshika kalamu nyuma yake wakafuata. Wageni wakapiga picha kuku wa watu na kusema hawajawahi kuona ushirikishwaji wa namna ile.

Baada ya wiki kadhaa ikaja barua. Mradi ni mzuri, kikundi ni imara, mahudhurio ni ya kupigiwa mfano. Ombi limekataliwa kwa sababu eneo si la vijijini.

Nikaisoma barua hiyo mara tatu nikidhani ni ya watu wengine. Kaka wa Kenya ndiye aliyeielewa. Kumbe huko Ulaya kijiji si mahali penye ng'ombe na vumbi. Kijiji ni hesabu ya watu juu ya eneo, na ikivuka kiwango fulani, huo ni mji. Kijiji cha Gogo kilikuwa kwenye ukingo wa kiwango, takwimu za serikali zilikuwa za zamani, basi wakaguzi wakatafuta ushahidi wa karibu zaidi. Wakachukua daftari langu.

Kaka aliniwekea barua mezani. "Madam," akasema, "umejenga mji kwa siku moja. Hata serikali hii haijawahi kuweza."

Sikucheka. Barua ilikuwa na ramani, miji imepakwa zambarau na vijiji kijani. Randburg zambarau. Kijiji cha Gogo, wanakoteka maji mtoni kwa ndoo, zambarau ile ile. Na kaskazini mwa Johannesburg, palepale wenye nacho wanapofuga farasi, penye ua wa umeme na mlinzi getini, pamepakwa kijani kibichi cha kupendeza. Pale ndipo kijijini. Farasi wale wangeomba pampu wangepewa.

Nilipanda kwa mkurugenzi nikiwa moto. Nikamweleza kwa nini watu wa kule wamebanana: utawala wa zamani uliwafukuza kwenye ardhi nzuri ukawashindilia pamoja kwenye kipande kimoja, nyumba juu ya nyumba, ili mashamba wabaki nayo wengine. Watu hawakuchagua kujaa, walijazwa. Na leo wanaambiwa wamezidi mno kuwa wanakijiji. Mkurugenzi alisikiliza kwa huzuni ya kweli, akaandika kwenye daftari lake neno moja, "muktadha", akalipigia mstari. Kisha akaniambia kuna habari njema, upo mfuko mwingine kwa ajili ya miji, unatoa njia za baiskeli.

Rufaa ilikuwepo. Tulete orodha mpya ya wakazi halisi, yaani wale wanaolala pale, na kila jina linalotolewa lifutwe kwa mkono na mwenyekiti wa kikundi, ili ionekane uamuzi umetoka chini.

Mwezi wa sita, asubuhi ya baridi kali, tukafika kwa Gogo, kaka na mimi. Njiani nilikuwa nimeiona bustani, matuta ya pembeni yameshakauka, wameyaacha waokoe ya katikati. Tulikaa jikoni kwake, kwenye meza yenye kitambaa cha nailoni. Akavaa miwani. Nikamweleza tulipokosea, au nilipokosea, na kinachotakiwa. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Wanataka tupungue?"

"Ndiyo, Gogo."

"Haya."

Mwanzo ulikuwa mwepesi. Chama cha maziko kilifutwa chote. Wa ng'ambo ya mto wakafutwa, na wengine aliwafuta kwa raha, nadhani walikuwa na yao. Yule marehemu aliyepigania maji alimfuta polepole, akasema, "Samahani, baba." Mgonjwa aliyesainiwa akiwa kitandani alikuwa ameshafariki mwezi wa tano. Huyo alimfuta, na kaka akainamisha kichwa.

Ikabaki kazi yenyewe, watoto walioko mjini. Gogo hakukubali kuwafuta watoto wa wenzake, akatuma waitwe mama zao. Wakaja mmoja mmoja, mikono ina udongo, kila mmoja akashika kalamu akamfuta mwanawe mwenyewe. Mmoja alifuta wanne. Aliuliza kama wakirudi Krismasi watakatazwa kuingia. Nikamwambia hapana, ni karatasi tu. Akaniangalia kwa namna ambayo hata leo sipendi kuikumbuka. Niliona aibu, aibu ya mwili mzima, nikajifanya napanga karatasi.

Mwisho ikaja zamu ya Gogo. Mabinti wawili aliwafuta, wameolewa, wana kwao. Akafika kwa mwanawe wa kiume, akaweka kalamu chini.

"Huyu anaishi hapa."

"Gogo," nikamwambia, "yuko Johannesburg, Joubert Park. Mimi mwenyewe nimempelekea vifurushi vyako." Na kweli, nilikuwa nampelekea mara kwa mara, spinachi na karanga, kwenye ghorofa anakolinda mlango, analala chumba cha watu wanne kilichogawanywa kwa mapazia.

"Huko anafanya kazi. Anaishi hapa."

"Wanauliza mtu analala wapi."

"Sijamzaa alale. Kwao ni hapa. Kaburi la baba yake liko hapo nje, kitovu chake kiko hapo nje. Nikimfuta mimi, nani atamwandika?"

Mimi nikawaza mambo yangu. Nimekaa Observatory, mtaa wa Johannesburg, miaka kumi na moja, nimepaka kuta rangi mara mbili, majirani wananijua. Na kila wahesabu watu wakipita Tanga mama yangu hunitaja kwamba nimo nyumbani. Mara ya mwisho nilimfokea. Nikamwambia mama unadanganya serikali. Akaniuliza kama nimekula.

Kaka alihesabu majina yaliyobaki, akahesabu tena. Akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili ili Gogo asielewe, "Madam, tumezidi kwa mmoja."

Lakini hesabu haihitaji lugha. Gogo alimwona usoni. Akachukua kalamu, akarudi ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza kabisa, akapiga mstari juu ya jina lake mwenyewe. Mstari ulionyooka, wa mtu aliyesoma shule ya misheni.

"Nina dada ng'ambo ya mto," akasema. "Andika naishi kwake."

Nilipaswa kumpokonya kalamu. Sikumpokonya. Nilifikiria bustani, nilifikiria baridi iliyobaki, na nikaandika nilichoambiwa. Kaka alivua miwani akaifuta kwa shati, akasema macho yanawasha kwa moshi. Jiko la Gogo ni la umeme, na siku hiyo umeme haukuwepo.

Rufaa ikapita. Kijiji kikarudishiwa ukijiji wake kwa barua yenye mhuri. Kwa kuwa mwenyekiti lazima awe mkazi, uenyekiti ulihamia kwa jirani, mama mpole ambaye kila akiulizwa jambo humtazama Gogo kwanza. Na pampu ikaja, hilo nisisahau kulisema kwa hasira zangu. Ilikuja baridi haijaisha, na matuta ya katikati yakapona.

Mwezi wa tisa tukaenda kuizindua, mkurugenzi naye akiwemo. Bango lilikuwa kubwa kuliko pampu. Safari hii nilijifunza, nikapiga simu nikasema waje walioandikwa tu. Wakaja wachache, wakakaa kwa nafasi, viti vingine vitupu, na wageni walewale wa viatu vya milimani wakasema sasa hali ya kijijini inaonekana. Mama mwenyekiti akasoma hotuba. Gogo alikuwa nyuma kabisa, ameshika mpira wa maji, anamwagilia.

Chakula kikagawiwa kwa orodha, jina moja sanduku moja, hakuna la ziada. Sisi na wageni tulipangiwa kula njiani, kwenye hoteli ya watalii. Daftari lilipofika kwa Gogo alilisukuma kwa jirani yake. "Mimi siishi hapa," akasema, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwelekeza mtu njia. Mkurugenzi aliniuliza yule bibi ni nani. Baadaye nilikuta ameandika kwenye ripoti kwamba mradi umevutia hata mzee mmoja kutoka nje ya eneo, anayejitolea.

Kisha mama mwenyekiti akaita jina la mwanawe Gogo. Jina lilikuwa kwenye orodha, halali kabisa, limepita rufaa.

"Yupo," Gogo akasema. Akafunga maji, akakausha mikono kwenye aproni, akaenda mbele akapokea sanduku, akasaini jina la mwanawe. Wageni walimpigia makofi, sijui walidhani ni nini. Alilifunga sanduku kwa leso yake mwenyewe, mafundo mawili, akaniwekea mikononi.

"Unapita Joubert Park?"

Nikamwambia napita. Sikuwa napita, nyumbani kwangu ni upande mwingine, lakini ningesema nini.

Hotelini sikula. Niliingia mjini jua linazama, nikasimama kwenye kila robot, yaani taa za barabarani, sanduku likiwa kwenye kiti cha pembeni, nimelifunga mkanda lisidondoke. Mwanawe alikuwa mlangoni kwake na sare ya ulinzi, mtu mzima wa miaka arobaini, mpole kama mama yake asivyo. Aliitambua leso kabla hajanitambua mimi. Nikamwambia pampu inafanya kazi, matuta yamepona, jina lake limeitwa mbele ya wageni na hiki ni chakula chake. Akacheka kidogo. Alifungua fundo la kwanza, akasita.

"Na mama," akaniuliza, "yeye amekula?"

Nikamwambia amekula.